Mtaro Kwanza, Jengo Baadaye: Kiwanja cha Ndege cha Kibondo kwa Jicho la Mhandisi

Rubani anayekwenda Kibondo huanza kupiga hesabu za kuondoka hata kabla hajatua. Mji huo wa mkoa wa Kigoma, magharibi mwa Tanzania, uko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Mabawa hayapati pa kuegemea vizuri, pangaboi haivuti kwa nguvu ile ile, na injini nayo inapumua hewa pungufu. Mchana wa kiangazi, joto likifika nyuzi 28, hewa ya Kibondo inakuwa nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko hewa ya kipimo ambayo watengenezaji wa ndege huitumia kuandikia vitabu vyao. Kwa ndege, hapo ni sawa na kuwa juu ya mlima wa mita 2,300.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lina kanuni rahisi inayotusaidia wahandisi kupata makisio ya kwanza. Kwa kila mita 300 za mwinuko, urefu wa njia ya kurukia huongezwa asilimia 7. Kisha kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi kiwango cha kawaida cha mwinuko huo, huongezwa asilimia 1 nyingine. Chukua ndege ndogo ambayo pwani, katika hali ya kipimo, inahitaji mita 800. Mwinuko wa Kibondo unadai nyongeza ya asilimia 35, hivyo tunafika mita 1,080. Joto la kawaida kwenye mita 1,500 ni kama nyuzi 5, na mchana wetu una nyuzi 28, yaani zimezidi 23. Sasa tuko karibu mita 1,330. Ndege ni ile ile na mzigo ni ule ule. Rubani asiyekuwa na mita hizo atapunguza mzigo au atasubiri ubaridi wa asubuhi. Ndiyo maana abiria wa viwanja vya nyanda za juu huambiwa wafike mapema, na mabegi yao hupimwa kilo kwa kilo. Wengi huudhika wakidhani ni ukorofi wa wahudumu.

Nimetanguliza hesabu hii kwa sababu ndiyo inayopaswa kuamua nini kijengwe na nini kisubiri. Kiwanja cha ndege cha wilaya kikijadiliwa, ombi la kwanza huwa jengo la abiria na la pili huwa ndege kubwa. Tuangalie hilo la pili. Dash 8-400 ya Air Tanzania, ile ya abiria 76, inahitaji karibu mita 1,400 pwani ikiwa imejaa. Kwa kanuni ile ile, mchana wa Kibondo ingetaka zaidi ya mita 2,300. Kanuni yenyewe inasema nyongeza zikizidi asilimia 35 ufanyike uchunguzi maalumu, kwa hiyo lichukue jibu hilo kama makisio tu, lakini picha haibadiliki. Ndege za namna hiyo zina mahali pao mkoani: Kigoma mjini, chini kandokando ya Ziwa Tanganyika. Kibondo ina kazi nyingine. Kazi yake ni kupokea ndege ya tani 4 hivi kama Cessna Caravan, siku yoyote ya mwaka, hata siku ya pili baada ya mvua kubwa, ikiwa imebeba daktari bingwa, damu, chanjo, au imekuja kumchukua mgonjwa asiyeweza kuvumilia zaidi ya kilomita 200 za barabara hadi Kigoma.

Wilaya hizi za Kigoma zinajua thamani ya kiwanja kidogo kuliko wilaya nyingi za Tanzania. Warundi walipokimbia nchi yao baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, walipokelewa huku. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka tena, kambi ya Nduta ilifunguliwa upya wilayani Kibondo, na Mtendeli ya Kakonko ikafuata Januari 2016. Ndege ndogo za mashirika ya Umoja wa Mataifa zikawa sehemu ya maisha ya Kibondo na Kasulu. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Mashirika yanapopunguza watu, safari za ndege nazo hupungua, na hapo ndipo hatari ilipo. Kiwanja kisichotumika hufa haraka. Nyasi hupanda, mbuzi huzoea, vichuguu huota, na siku ndege inapohitajika kwa kweli hakuna pa kutua. Kiwanja kilichojulikana kwa wageni kinatakiwa sasa kitunzwe kwa ajili ya wenyeji, na wenyeji wana haki ya kujua kinatunzwaje.

Adui wa kwanza wa kiwanja cha moramu ni maji. Moramu nzuri, na nyanda za Kigoma hazina uhaba nayo, inaweza kubeba ndege ya tani 4 miaka na miaka bila lami. Sharti ni ishindiliwe vizuri, tabaka moja baada ya jingine, kila tabaka kama sentimita 15, ikiwa na unyevu unaofaa: ikiwa kavu mno haishikani, ikilowa mno inakuwa tope chini ya rola. Baada ya hapo sharti ibaki kavu. Moramu ile ile iliyokuwa ngumu kama sakafu mwezi Agosti, ikinywa maji Januari hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na gurudumu la mbele la ndege linaacha mfereji. Gurudumu la mbele likizama wakati ndege inakimbia kilomita 100 kwa saa, pangaboi inaweza kugonga ardhi.

Piga picha njia ya mfano yenye urefu wa mita 1,200 na upana wa mita 30. Mvua ya milimita 40, ambayo huku si ajabu kati ya Novemba na Aprili, inamwaga juu yake zaidi ya lita 1,400,000 za maji. Maji hayo yote lazima yaende mahali. Ndiyo sababu njia hujengwa na mgongo katikati. Kwa viwanja vya ndege ndogo mteremko wa kwenda pembeni hauzidi asilimia 2, maana ukizidi ndege itavutwa upande. Kwa nusu ya upana, mita 15, asilimia 2 ni sentimita 30. Hizo sentimita 30 ndizo zinazokilinda kiwanja. Ukiweza, nenda uwanjani mvua ikiwa imetoka kukatika, simama kwenye kichwa cha njia na utazame urefu wake wote. Mgongo ukiwa hai utaona maji yanakimbia kushoto na kulia. Ukiwa umekufa utaona madimbwi yamepangana katikati, pale pale magurudumu yanapopita.

Mgongo mara nyingi huuawa na matengenezo yenyewe. Greda huja, linachonga, na dereva aliyezoea barabara za vijijini anaacha tuta dogo la udongo pembeni mwa njia, urefu wake haufiki hata nusu ya goti. Kwa macho kazi imependeza. Mvua ya kwanza ikinyesha, lile tuta linazuia maji yasifike mtaroni, yanarudi njiani, yanatuama ukingoni na kuanza kulainisha moramu kutoka pembeni kuingia ndani. Nimeona kazi ya gharama kubwa ikiharibiwa na tuta la namna hiyo, ambalo vijana wenye majembe wangeliondoa kwa siku mbili. Mtaro wenyewe nao lazima uwe na mwisho unaoeleweka, na kalavati lisafishwe kabla ya mvua. Mtaro unaoishia kwenye shamba la mtu utafukiwa na mwenye shamba, na siwezi kumlaumu.

Mawe nayo yasidharauliwe. Moramu ikikauka sana, vumbi laini linapeperuka na kuacha kokoto juu. Pangaboi ya ndege inayoanza kukimbia huzinyonya na kuzirusha. Kovu dogo kwenye ubavu wa pangaboi linaweza kuisimamisha ndege hadi fundi aje, na fundi yuko mbali. Kwa hiyo mahali ndege inapoegeshea na inapoanzia kukimbia pawe pagumu zaidi ya kote. Kama kuna fedha za lami kidogo tu, ziende hapo na kwenye vichwa viwili vya njia.

Kisha kuna vichuguu, ambavyo kila mtu wa magharibi mwa Tanzania anavijua. Pande zote mbili za njia kunatakiwa eneo la wazi, jumla ya upana wa mita 60 hadi 80 kwa viwanja vya kiwango hiki, ili ndege ikitoka njiani isikutane na kitu kigumu. Kichuguu kikavu ni kigumu vya kutosha kuvunja gurudumu. Kukisawazisha kwa juu hakusaidii, maana mchwa wakiwa bado wamo chini watakirudisha. Na mchwa hao hao hula nguzo za miti za uzio, kwa hiyo anayeweka nguzo za mbao zisizo na dawa ajue fedha yake itadumu msimu mmoja au miwili.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote haliko ndani ya uzio. Ni mikaratusi. Wakulima wa nyanda hizi wanaipanda kwa nguzo, mbao na kuni, na wana sababu nzuri, kwani inakua haraka na inalipa. Lakini mbele ya kila kichwa cha njia kuna mteremko wa hewa ambao hakuna kitu kinachoruhusiwa kuutoboa. Kwa kiwanja kidogo unaanza mita 60 kutoka mwisho wa njia na kupanda mita 4 kwa kila mita 100. Mita 400 kutoka kichwa cha njia, urefu wa juu kabisa unaoruhusiwa ni mita 13.6 tu. Mkaratusi wa miaka michache unavuka hapo bila shida. Rubani akikuta miti hiyo hushauriwa kuhesabu njia kuwa fupi, kana kwamba mita kadhaa za mwanzo hazipo, na tumeona Kibondo mita zinavyohitajika. Yaani shamba la miti linaweza kufupisha kiwanja bila mtu kugusa jembe ndani yake. Minara ya simu ni habari hiyo hiyo, ila yenyewe angalau huombewa kibali.

Dawa yake ni mipango ya ardhi inayofanywa mapema na kwa haki. Halmashauri ichore ramani ya maeneo yaliyo chini ya mteremko huo wa hewa, wenyeviti wa vijiji wapewe nakala, na mkulima aelezwe kabla hajapanda kwamba hapa mahindi, maharage na mihogo sawa, miti hapana. Kumkatia mtu miti iliyokwisha kukua kunaleta fidia, kesi na chuki. Eneo la kiwanja lenyewe liwe na hati miliki na mawe ya mipaka yanayoonekana, na lipimwe kwa kufikiria urefu wa baadaye, sio wa leo tu. Njia inaweza kurefushwa mwaka wowote fedha zikipatikana, lakini ardhi ikishajengwa nyumba hairudi kirahisi.

Watu hupita uwanjani kwa sababu wana safari zao. Mji uko upande huu, mashamba au shule upande ule, na njia ya mkato inapita katikati ya kiwanja. Uzio wa waya peke yake hukatwa ndani ya wiki. Uzio unaodumu ni ule uliotanguliwa na mazungumzo: njia ya miguu izungushwe kwenye mwisho wa kiwanja, iwe nzuri, isiwe na tope, baiskeli yenye mikungu ya ndizi ipite bila kushuka. Mchungaji naye aelezwe saa za ndege. Marubani wanaokuja kwenye viwanja kama hivi wana desturi ya kupita chini kwanza, wakitazama kama kuna ng'ombe, watoto au pikipiki za wanaojifunza kuendesha, kisha wanazunguka ndipo watue. Kila mzunguko ni mafuta, na mafuta ni jambo zito huku.

Kibondo na Dar es Salaam zimeachana karibu kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, zaidi ya saa tatu kwa Caravan. Pasipo na mafuta ya ndege kiwanjani, rubani abebe ya kwenda na ya kufika Kigoma au Mwanza akiondoka, pamoja na akiba ya lazima, na kila kilo ya mafuta inakula nafasi ya abiria au dawa. Wengi hudhani suluhisho ni kuweka mapipa. Mapipa yanawezekana, lakini mafuta ya ndege yanataka kivuli, kichujio, kupimwa maji kila mara kabla ya kutumika, kumbukumbu za tarehe, na mtu mmoja anayewajibika. Maji yanayoingia kwenye pipa usiku wa baridi yanaweza kuzima injini angani. Bila nidhamu hiyo ni heri ndege ibebe mafuta yake.

Kifuko cha upepo ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na nakihesabu miongoni mwa vya kwanza. Kiwango cha ICAO ni urefu usiopungua mita 3.6 na mdomo wa sentimita 90, kionekane kutoka angalau mita 300 juu. Kitambaa huchakaa kwa jua, kwa hiyo cha akiba kiwe stoo. Ukiona kiwanja ambacho kifuko chake kimebaki matambara, basi mitaro yake pia ina walakini. Kipimo cha mgandamizo wa hewa nacho ni muhimu: rubani hukitumia kurekebisha kipimamwinuko, na kosa la hektopaskali 1 kwa urefu wa huku ni karibu mita 9. Setilaiti zimetupunguzia gharama kubwa, maana leo taratibu za kushuka kupitia mawingu zinaweza kuchorwa bila mtambo wowote ardhini, ilimradi vipimo vya kiwanja na vizuizi vyake vimepimwa upya na kuthibitishwa.

Taa ni suala la jua. Kibondo iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi 8 za longitudo, lakini saa ni moja kote nchini. Jua la Kibondo huzama zaidi ya nusu saa baada ya la Dar, karibu saa 1 usiku, na asubuhi nako huchelewa kuchomoza kwa kiasi hicho hicho. Anayepanga safari kutoka pwani anayo nafuu hiyo ya jioni, basi. Baada ya hapo kiwanja kisicho na taa kimefungwa hadi kesho, na uchungu wa uzazi uliokwama hausubiri kesho. Taa za kubebeka zinazochajiwa kwa jua zipo, na kwa njia ya mita 1,200, zikitengana mita 100, zinatosha 26 pembeni, ukiongeza za kijani na nyekundu kwenye vichwa viwili. Naziunga mkono kwa dharura, kwa masharti: zikubaliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, wawepo watu waliofunzwa kuzipanga, betri zijaribiwe kila wiki, na vizuizi vya jirani viwe vimeondolewa. Taa juu ya njia yenye ng'ombe ni mtego.

Kuhusu uokoaji, hakuna Mtanzania aliyesahau Bukoba. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walikufa. Waliofika mwanzo walikuwa wavuvi, na jina la kijana Majaliwa Jackson likajulikana nchi nzima. Somo lake kwa Kibondo, isiyo na ziwa, ni kwamba wa kwanza kufika atakuwa mkulima wa jirani au dereva wa bodaboda. Kiwango cha kimataifa kinataka zimamoto ifike popote kwenye njia ndani ya dakika 3, na kwa ndege ya ukubwa wa Caravan iwe na lita 1,200 za maji ya kuchanganya povu. Kwa Dash 8-400 ingekuwa lita 7,900. Kiasi cha kwanza kinawezekana kwa gari dogo linalosogezwa uwanjani kila ndege inapotarajiwa. Na majirani wafundishwe mambo machache: lango la dharura liko wapi, usisogelee pangaboi hata kama imesimama, usivute sigara, mpigie nani simu. Mazoezi hayo yafanyike na hospitali ya wilaya na polisi wakiwemo.

Nikifika kwenye jengo la abiria sitakawia. Abiria wa ndege ya viti 12 wanahitaji kivuli, viti, choo safi chenye maji, tenki la kuvunia maji ya mvua, chumba cha ukaguzi na mizani. Mizani iwe imepimwa na kuthibitishwa, na abiria apande na begi lake mkononi bila kuona haya, kwa kuwa ndege ya tani 4 inaujali uzito wa kila mtu. Kisha liwepo lango pana ambalo gari la wagonjwa linapita moja kwa moja hadi ubavuni mwa ndege, pasiwe na ngazi wala kona ya kubebea machela. Jengo hilo linatosha. Likijengwa la vioo wakati mitaro imeziba, tutakuwa tumetengeneza mahali pazuri pa kusubiria ndege isiyoweza kutua.

Barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, mradi wa kilomita 260 uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, inabadili hesabu za usafiri wa huku, na wapo watakaosema kiwanja hakihitajiki tena. Naona kinyume chake. Lami itachukua abiria wa kawaida, na ichukue. Itakiachia kiwanja zile safari ambazo barabara haiwezi kuzibeba kwa wakati, na pia italeta greda, rola na kokoto karibu na kiwanja kuliko zamani.

Kinachobaki ni kalenda. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania inasimamia viwanja zaidi ya 50 vya Serikali, na kidogo kama cha Kibondo hakiwezi kuwa juu ya orodha yake kila mwaka bila wenyeji kukisemea. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mvua za Kibondo huanza kuchanganya Oktoba na Novemba. Kazi ya mitaro, mgongo na makalavati ina miezi mitatu tu ya ukavu, Julai hadi Septemba, na maji ya kushindilia moramu lazima yawe yametafutwa kabla visima havijashuka. Fedha zikitoka Agosti, kazi inafanyika. Zikitoka Novemba, greda litafika juu ya tope, litachonga mgongo uliolowa na kuondoka limeacha kiwanja kibaya kuliko lilivyokikuta. Kwa hiyo madiwani wanaokaa kupitisha bajeti waulize tarehe ya kazi kabla ya kuuliza kiasi cha fedha, na mkataba wa matengenezo usainiwe mapema, ili Julai ikiingia mitambo iwe tayari uwanjani.